Mama ana miaka 72, watoto ni sita: boti ya kuona visiwa tupandie wapi Mwanza?

Mshauri, habari za kazi.

Katikati ya Desemba ndugu zangu wanakuja Mwanza kutoka Dodoma na Mbeya. Tutakuwa watu 14: wakubwa wanane na watoto sita, mdogo wao ana miaka minne. Mama yetu mzazi ana miaka 72, goti la kulia linamsumbua na anatembelea mkongojo. Hajawahi kupanda chombo cha majini, na safari hii ameiomba mwenyewe. Anataka kuviona visiwa na yale mawe akiwa ziwani, si kwa dirisha la gari.

Tumebishana kwenye kundi la familia wiki mbili sasa. Shemeji ana mtu wake mwaloni Kirumba mwenye boti ya mbao. Anasema tunywe chai kwanza, tuondoke saa nne, atuzungushe Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na mji, Saanane mpaka kisiwa cha Bezi, turudi jioni. Bei yake ni nzuri kweli. Dada yangu anasema twende tu lango la Saanane, Capri Point. Kijana wa kaka anataka Ukerewe, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa meli. Mimi nakaa Nyegezi na huku Luchelele kuna boti, karibu kabisa na nyumbani, nikawa najiuliza kwa nini tusipandie hapa hapa. Kaka mkubwa naye ameingiza kisiwa cha Rubondo, kwa sababu ya sokwe.

Tupandie wapi, na tuondoke saa ngapi? Mwenye boti nimuulize nini? Na hali ya hewa ikiharibika asubuhi ile nifanye nini na watu 14 waliokwisha kuvaa?

Mama Neema, Nyegezi

JIBU

Mama Neema, pokea salamu, na shikamoo imfikie mama.

Kwa watu uliowataja, pandieni Capri Point, kwenye gati la Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Ondokeni asubuhi, karibu na saa mbili kadiri lango litakavyoruhusu, na kabla ya saa saba mchana muwe mmeshamaliza maji yote. Dada yako yuko sahihi, na nadhani mabishano yenu yamekuwa marefu kwa sababu kila mmoja anaanza na kisiwa anachokitaka. Mahali pa kupandia huchaguliwa kwa mambo mawili: ule mguu mmoja wa kuingia botini, na safari ya kurudi. Ya kwenda karibu kila mara huwa nzuri, maana mnaenda asubuhi.

Nianze na kurudi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo hizo za kila upande hukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda juu, na ndipo tunapata radi na dhoruba za usiku hadi alfajiri. Jua likishachoma, mambo yanageuka. Nchi kavu inapata joto, na upepo sasa unaingia kutoka ziwani. Mwanza iko kusini mwa ziwa, kwa hiyo upepo huo wa mchana hutujia kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Kwenye saa tano unaanza kuusikia shavuni. Kati ya saa nane na saa kumi umeshakomaa.

Wimbi nalo hukua kwa urefu wa maji ambayo upepo umepita bila kizuizi. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, nyuma ya rasi ya Capri Point, upepo hupata nafasi ndogo. Ukitoka nje ya ghuba kuelekea Bezi, ziwa lote lililo kaskazini yako linakuwa uwanja wake. Na mawimbi ya Ziwa Viktoria ni mafupi, yanafuatana karibu karibu: kabla boti haijatulia kutoka la kwanza, la pili limeshafika.

Sasa itazame ratiba ya shemeji. Kuondoka saa nne maana yake mnafika Bezi upepo ukianza, na mnageuza kurudi wakati umekomaa. Mtakuwa mnaelekea kusini, mawimbi yakija kwa nyuma. Watu wengi hudhani wimbi la nyuma ni msaada kwa sababu linasukuma. Kwa boti ndogo iliyojaa ndilo baya zaidi. Nyuma ndiko kuna uzito wa mashine, na mara nyingi ubao wa kufungia mashine umekatwa chini kuliko kingo za pembeni. Wimbi likiikuta boti imepunguza mwendo, maji yanaingilia pale. Likiikuta inakimbia, linaisukuma pua izame kidogo, kisha boti inageuka ubavu bila nahodha kutaka. Nahodha mzuri anajua kucheza na mwendo hapo, lakini hakuna sababu ya kumpa mama yako mtihani huo siku yake ya kwanza majini.

Upande wa mguu wa kuingilia, Capri Point pana gati. Kirumba ni mwalo wa kazi: sangara na dagaa vinashushwa, magari ya mizigo yanarudi nyuma, wabebaji wanakimbia, sakafu ni telezi. Boti za pale ni imara kwa mizigo, na wapo manahodha wanaolijua ziwa kama uani kwao. Shida ni kwamba katika mialo mingi boti haigusi nchi kavu. Unapanda kwa ubao mwembamba unaocheza, au unavua viatu na kuingia majini hadi magotini. Goti la mama halitaki ubao. Watoto hawatakiwi kuingia maji yale, kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda ukingo wenye majani na maji yaliyotulia, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ule ule mliopanga kupanda. Luchelele nayo ingawa ni jirani yako ina shida hiyo hiyo ya ufukwe usio na gati. Ukaribu na nyumbani utakuokolea nauli ya daladala tu.

Safari yenyewe ipangeni hivi. Muulizeni mhifadhi pale langoni, siku mbili kabla, kama boti yao inaweza kuwazungusha kwanza kabla ya kuwashusha kisiwani. Hayo ni malipo ya ziada na hutegemea boti iliyopo siku hiyo. Wakikubali, anzeni na upande wa kaskazini: mzunguke ncha ya Capri Point hadi Jiwe la Bismarck, kisha mrudi kusini mmalizie Saanane. Msigeuze mpangilio huo. Upande wa Bismarck ndio unaopigwa na upepo wa mchana, na Saanane iko upande uliokingwa. Mkianza na Saanane mkaacha Bismarck kwa saa nane, mtapanda boti ile ile, gati lile lile, mkutane na maji mengine kabisa.

Pale Bismarck nahodha asikaribie njia ya vivuko vinavyokwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba. Kivuko kikipita huacha mkunjo wa maji unaofika baada ya dakika moja au mbili, watu wakiwa wamesahau na wamesimama kupiga picha. Boti ielekezwe iukate mkunjo huo kwa mshazari, watu wakiwa wameketi. Kuhusu picha, asubuhi jua liko upande wa mji, kwa hiyo mkiwa magharibi ya jiwe mtalipata jeusi. Mwambieni nahodha aje upande wa nchi kavu kadiri kina kinavyoruhusu, mlipate likiwa na mwanga usoni. Mawe haya ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Waoneshe watoto namna yanavyokaa moja juu ya jingine: hakuna aliyeyapanga, ni mwamba mmoja uliopasuka kwa nyufa zilizonyooka, kisha udongo uliokuwa katikati ukaondoka.

Saanane ni ndogo, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yanayoizunguka. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kuna swala pala, pimbi, tumbili, na wale mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu wanaoota jua juu ya mawe. Mjusi huyo wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na watoto wakiambiwa hilo watamtafuta kila jiwe. Njia za kisiwani zina mawe na vidato. Mama asiburutwe mpaka juu. Abaki sehemu ya kupumzikia yenye kivuli karibu na gati pamoja na mtu mzima mmoja, wengine mzunguke kwa zamu ya saa moja moja. Chakula kikae ndani ya chombo chenye mfuniko wa kukaza, kwa sababu tumbili wanajua mfuko wa plastiki una nini.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi mkononi. Mnapewa kontroo namba, mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo msiende na bahasha ya fedha taslimu mkategemea kulipia mezani. Kila mkubwa awe na kitambulisho cha taifa, maana raia na mgeni hawalipi sawa. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Andika majina, umri na namba za vitambulisho vya watu wote 14 kwenye karatasi moja nyumbani. Ukianza kuuliza umri wa kila mtoto dirishani, saa nzima ya maji matulivu inapotea pale.

Kabla ya siku hiyo nenda mwenyewe ukalione gati. Kina cha ziwa hupanda na kushuka mwaka kwa mwaka. Mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda hadi yakafunika sehemu nyingi za ufukwe. Kwa hiyo tofauti kati ya sakafu ya gati na ukingo wa boti haiko vile vile siku zote. Ipime kwa mkono. Ikizidi shubiri mbili, ulizia ngazi au stuli nzito ya mbao, au ubebe ya kwenu.

Namna ya kumwingiza mama: boti ifungwe kamba mbele na nyuma, siyo kushikiliwa kwa mikono. Mtu mmoja mwenye nguvu awe ndani ya boti, mwingine juu ya gati. Mkongojo utangulie, apewe aliye ndani. Anaposhuka kuingia, mguu wa kulia, ule mbovu, ndio utangulie, mguu mzima ubaki juu ukibeba uzito wakati anajishusha. Akitoka botini kupanda gati ni kinyume chake, mzima unatangulia. Mshikeni mkono juu kidogo ya kiwiko, msimvute kwa vidole. Aketi katikati ya boti au nyuma kidogo ya katikati, kwenye benchi lenye mgongo. Mbele kunapendwa kwa sababu ya mandhari, lakini ndiko kunakopiga maji kwa kishindo, na kila kishindo kinafika kwenye goti na kiuno. Wala msimwekee kiti cha plastiki. Kinateleza, na miguu yake hukunjika boti ikiruka.

Sasa mwenye boti. Hata kama ni boti ya hifadhi, angalia. Kama mtaishia kukodi ya mtu binafsi, angalia mara mbili. Anza na cheti. Boti ya kubeba abiria inatakiwa kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na cheti kinataja idadi ya abiria. Omba kukiona, soma tarehe na idadi. Mtu akikwambia "hii inabeba hata 30", hiyo siyo idadi, ni mazungumzo.

Watu wote wakishaketi, angalia umbali kati ya maji na ukingo pale ulipo mfupi kuliko kote, kwa kawaida pembeni karibu na nyuma. Mimi sikubali pungufu ya shubiri mbili, yaani karibu sentimita 40, hata ziwa likiwa kimya kama kioo. Ninyi 14 pamoja na vyakula mnakaribia kilo 800, bado nahodha, msaidizi na mafuta. Ikipungua, gawanyeni safari mara mbili. Kisiwa hakihami.

Majaketi okozi yawe 14 na ya wahudumu juu yake, na yavaliwe kabla ya kukanyaga boti. Kosa kubwa ni la watoto: boti nyingi zina saizi ya mtu mzima tu. Saizi huenda kwa uzito, chini ya kilo 15, kilo 15 hadi 43, na zaidi ya hapo. Mpimeni yule wa miaka minne nyumbani, kwa sababu huenda yuko pale pale kwenye mpaka wa 15. Akishavaa na kufungwa, shika jaketi kwenye mabega umnyanyue kidogo. Likipanda hadi masikioni na yeye akabaki chini, ni kubwa, akianguka majini litamtoka kichwani. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Bonyeza sponji iliyo ndani pia. Sponji nzima hurudi ikiachiwa. Iliyobaki bapa na ngumu kwa kukaliwa kama mto haielei inavyopaswa, hata kama kitambaa chake kinang'aa.

Halafu mashine. Mwambie aiwashe bado mkiwa mmefungwa gatini, nawe usimame nyuma uangalie. Chini ya kichwa cha mashine kuna tundu dogo linalotema maji, mfululizo mwembamba kama mashine inakojoa. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Yakitoka kwa nguvu bila kukatika, sawa. Yakidondoka matone au yakikatika katika, njia ya maji imeziba, na mashine itachemka mkiwa mbali. Hapa kwetu kinachoziba mara nyingi ni magugumaji, vipande vidogo vya mizizi vinavyonyonywa na kunasa kwenye matundu ya kuingizia maji. Nahodha anayejua kazi akiona kisiwa cha magugumaji mbele yake anakizunguka, au anazima, anainua mashine, anasafisha kwa mkono. Anayekanyaga juu yake kwa haraka ndiye anayewaacha watu wakielea.

Mafuta hesabuni mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja halitumiki. Mashine ya nguvu za farasi 40 ya mafuta ya kuchanganya, ikikazwa mwisho, hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa safari yenye saa moja na nusu ya kukimbia, chini ya lita 40 mimi siondoki. Kwa mashine nyingi za aina hiyo mchanganyiko ni oili mililita 400 kwa petroli lita 20, nao uwe umefanyika nchi kavu, ukatikiswa, ukachujwa. Petroli yenye maji au uchafu ndiyo inayozima mashine pale wimbi linapoanza kulitikisa tenki, kwa sababu uchafu uliolala chini unanyanyuka. Ndani ya boti kuwe na makasia mawili, nanga yenye kamba, ndoo ya kuchotea maji, plagi za akiba na kifunguo chake, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usioingia maji. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine iwe mkononi mwa nahodha. Ikining'inia tu kwenye mashine, akianguka yeye, boti itaendelea bila dereva.

Mkirudi, msisimame wote kuelekea upande wa gati. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi mno kuliko 101 kilioruhusiwa, na zaidi ya watu 220 walikufa wakiwaona waliokuja kuwapokea. Katika boti ndogo watu watano tu wakihamia upande mmoja kwa pamoja wanatosha kuingiza maji. Pangeni nyumbani nani anashuka wa ngapi. Watoto wajue wanaitwa mmoja mmoja kwa jina.

Kuhusu Ukerewe, kijana wa kaka ana hamu nzuri ila hesabu yake ya saa haikai. Kwa meli kutoka Bandari ya Kaskazini ya Mwanza hadi Nansio, mji wa Ukerewe, ni takribani saa tatu hadi nne, na mnavuka mdomo wa Ghuba ya Speke ambako maji ni wazi. Kwenda na kurudi siku moja mtakuwa mmeona viti vya meli na gati. Ukerewe ina karibu kilomita za mraba 530, ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa hili, na anayetaka kuona jiwe linalocheza la Ukara anahitaji chombo kingine tena kutoka Bugolora. Vijana waende wenyewe siku ya pili, walale Nansio. Tikiti zikatwe kwa majina kamili, jina la kwenye kitambulisho, siyo "Mama Fulani na wenzake". Na wamwambie dereva wa bajaji waziwazi: Bandari ya Kaskazini. Bandari ya Kusini iko upande mwingine wa Capri Point na ni ya mizigo zaidi. Mtu akipelekwa huko kwa makosa, foleni ya mjini haimrudishi kwa wakati. Asiyependa maji marefu azunguke kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi cha kwenda Rugezi.

Rubondo ni safari nyingine kabisa, msiichomeke hapa. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 456.8, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake waliletwa kati ya 1966 na 1969. Ni kweli wapo, lakini msitu ni mnene na wanaotaka kuwaona hulala. Kwa kuwa kaka ataendelea kuiulizia, mweleze hivi: vituo vya kupandia boti ni Nkome mkoani Geita na Kasenda wilayani Chato. Kutoka Mwanza, Nkome ni karibu zaidi kwa barabara, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamsubiri tena kivuko. Lakini kutoka Nkome boti inakaa majini takribani saa mbili, na kutoka Kasenda ni kama nusu saa. Mkiwa na mama, ongezeni lami, mpunguze maji: Kasenda.

Hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Viktoria peke yake. Usisome wa mkoa ukadhani ni huo huo. Usome jioni ya kuamkia safari, halafu tena alfajiri. Desemba dhoruba nyingi ni za usiku na hukatika asubuhi, kwa hiyo mvua ya saa kumi na moja alfajiri haifuti safari. Subirini hadi saa tatu, muangalie upande wa ziwa, si juu ya paa la nyumba. Kama kaskazini kuna wingu lenye kitako cheusi kilichonyooka na upepo wa baridi unakuja kwa ghafla, hamwondoki. Upepo ule hutangulia mvua, na ndio unaopindua vyombo, mvua yenyewe inalowesha tu. Likiwakuta majini, nahodha akimbilie ukingo wa karibu uliokingwa, siyo nyumbani, turubai la kivuli likunjwe kwa sababu linageuka tanga, na watu wote washuke waketi sakafuni katikati.

Na wale 14 waliokwisha kuvaa mtawapeleka Kamanga. Kivuko kinaondokea mjini, karibu kabisa na Jiwe la Bismarck, na kuvuka hadi upande wa Sengerema ni kama nusu saa. Ni chombo kikubwa kisichoyumba kwa wimbi dogo, chenye mlango wa chuma unaolazwa chini magari yapite, hivyo mama ataingia akitembea na mkongojo wake bila kuinua mguu. Ingieni mapema kabla magari hayajapangwa, na mkiwa mnakwenda mkalishe upande wa kushoto, ndiko Capri Point iliko. Wakubwa wa bandarini wakisema hata kivuko kimesimama kwa sababu ya upepo, basi siku hiyo ni ya kupika samaki nyumbani, na siku ya maji ihamie kesho yake. Kwa hiyo tangu sasa mpange iwe Ijumaa, Jumamosi ibaki wazi.